Jinsi ya kuchambua onyesho moja la katuni ya wanyama bila kuishia kusimulia hadithi

Swali huwa ni lile lile: "Chambua uhusika wa wanyama na matumizi ya sauti katika filamu moja ya katuni." Na kazi zinazowarudia wakufunzi wa vyuo vya Mtwara na Lindi hufanana mno. Kurasa nne zinasimulia kisa tangu mwanzo hadi mwisho. Ya tano inasema kuna tashihisi, yaani wanyama wamepewa sifa za kibinadamu. Ya sita inataja mafunzo: umoja ni nguvu, uvivu si mwema. Sauti imeachiwa sentensi moja: "Muziki wake unavutia." Mwanafunzi anapata alama 12 kati ya 30 na anashangaa, maana hakuna alichoandika ambacho ni uongo.

Kosa lake ni kuisoma katuni kama hurafa, ngano ya wanyama, iliyopigwa chapa kitabuni. Amekimbilia maudhui, fani akaiacha mlangoni. Fani ya katuni imo kwenye fremu, zile picha moja moja zinazopita haraka, kwenye mwendo wa mwili, na pale sauti inapokutana na mwili huo. Vitu hivyo havishikiki kwa kutazama mara moja ukiwa umejinyoosha sebuleni. Hupimwa.

Ukifuata hatua zilizo hapa chini bila kuruka, utatoka na insha ya maneno 1,500 hivi juu ya onyesho la sekunde 60 hadi 90. Tenga jioni nne, saa mbili kila jioni.

## Andaa hivi kwanza

Kompyuta mpakato. Ya kuazima inatosha, ilimradi uipate kwa jioni mbili za kati. Simu inafaa kwa hatua ya 3 na ya 4 tu.

Spika za masikioni zenye waya. Za Bluetooth ziache. Huchelewesha sauti, na ucheleweshaji wa sehemu ya kumi ya sekunde tu unatosha kuharibu jedwali lako zima. Utaandika kwamba mtengenezaji alichelewesha sauti, kumbe ni kifaa chako.

Programu mbili za bure: VLC ya kutazamia, na Shotcut ya kupimia. Shotcut ni faili kubwa, kwa hiyo ishushe usiku ukiwa na kifurushi cha usiku, au nakili kwa mwenzako kwa flashi.

Filamu ikiwa faili ndani ya kompyuta. Usichambue kitu kinachotiririka mtandaoni. Mtandao ukisuasua picha hukwama na sauti ikaendelea, nawe hutajua.

Daftari la hesabu lenye miraba, rula, na kalamu za rangi mbili. Jedwali lianzie kwenye karatasi, maana umeme ukikatika katikati ya kazi, karatasi haizimiki.

Mtu mmoja ambaye hajaiona filamu hiyo. Utamhitaji kwa dakika kumi, hatua ya 4.

Kama hujapangiwa filamu, tumia *Steamboat Willie* ya mwaka 1928. Ni fupi, haifiki dakika 8. Maneno yake ni machache mno, kwa hiyo lugha haitakuzuia. Imejaa wanyama wanaotoa sauti. Na haki zake zilimalizika nchini Marekani tarehe 1 Januari 2024, hivyo nakala yake hupatikana bila kuiba kazi ya mtu. Mifano mingi hapa chini inatoka humo.

## Hatua ya 1: Chagua onyesho, usichague filamu

Filamu nzima ni shamba la ekari kumi na wewe una jembe moja. Chagua kipande chenye mambo matatu kwa pamoja: mnyama mmoja au zaidi aliye katika mwendo, sauti inayobadilika angalau mara moja, na mahali ambapo kitu kinakatika ghafla.

Katika *Steamboat Willie* kipande hicho kinaanza pale mbuzi anapokula karatasi za muziki za Minnie, panya wa kike. Minnie anazungusha mkia wa mbuzi kama mkono wa mashine, na wimbo unatoka mdomoni mwa mbuzi. Mickey, panya mwenzake, anaanza kupiga kila kinachomjia mkononi: vyombo vya jikoni, kisha paka, bata, watoto wa nguruwe, hatimaye meno ya ng'ombe. Halafu nahodha wa meli anatokea na muziki unakatika. Kisa hicho chote kinazidi sekunde 90, kwa hiyo chukua sehemu yake, tuseme kuanzia paka anapogeuzwa ala hadi nahodha anapoonekana.

Onyo: usichague onyesho kwa sababu lina ujumbe mzuri. Ujumbe utakuvuta urudi kwenye kusimulia.

Umefaulu ukiweza kuandika muda wa kuanzia na wa kuishia, na sentensi moja inayosema ni kitu gani kinageuka kati ya nyakati hizo mbili.

## Hatua ya 2: Kagua faili kabla ya kuliamini

Fungua faili kwa VLC, kisha bonyeza Ctrl na J. Dirisha litakuonyesha idadi ya fremu kwa sekunde. Iandike juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari.

Filamu za sinema za enzi ya sauti zilipigwa kwa fremu 24 kila sekunde. Nakala unayoipata inaweza kuwa ya 24, 25 au 30. Ikiwa ni ya 30, programu iliyotengeneza nakala imerudia baadhi ya fremu ili kujaza nafasi. Utaziona: mwili unasimama kwa fremu moja pasipo sababu, takriban kila baada ya fremu nne. Usiandike kwamba mchoraji alitaka mhusika asite. Ni athari ya nakala.

Pia, ndani ya VLC, herufi J au K ikibonyezwa peke yake husogeza sauti mbele au nyuma ya picha. Watu huibonyeza kwa bahati mbaya wakitafuta Ctrl na J. Ukiona maandishi ya milisekunde yametokea kwenye kioo, funga programu na uifungue upya.

## Hatua ya 3: Tazama bila sauti

Bonyeza M kunyamazisha. Tazama onyesho lako mara tatu, na kila mara jicho liwe na kazi moja tu.

Mara ya kwanza, andika mnyama anasimama kwa miguu mingapi na ni wakati gani anabadili. Mara ya pili, andika kilichovaliwa: kaptula, glavu, kofia, au hakuna. Mara ya tatu, fuata umbo la mwili: wapi unavutika, wapi unabonyea, wapi unarudi ulivyokuwa.

Hilo la tatu lina jina lake katika taaluma. Sergei Eisenstein, mtengenezaji filamu wa Urusi, aliandika miaka ya 1940 kuhusu katuni za Disney na akaita sifa hiyo uplazma: uwezo wa mwili uliochorwa kuwa umbo lolote bila kufa. Usilitaje neno hilo kama pambo. Litaje ukiwa na fremu ya kuonyesha. Shingo iliyovutwa mara mbili ya urefu wake kisha ikarudi ni ushahidi. "Wahusika ni wa plazma" si ushahidi.

Ukitaka kusogea fremu moja moja ndani ya VLC, bonyeza E. Itakuonyesha picha pekee, na hapa ndicho unachokitaka.

## Hatua ya 4: Sikiliza bila picha

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa sababu sikio halijafunzwa kuandika. Geuza kioo kiangalie ukuta, au funga macho kabisa. Sikiliza onyesho mara nne.

Usianze kwa kutaja chanzo. Ukiandika "sauti ya paka" umemaliza kazi kabla hujaianza. Anza kwa kuandika sauti ilivyo: nyembamba au nzito, kavu au yenye mwangwi, inakwaruza au inateleza, inaanza ghafla au inapanda polepole.

Kiswahili kimekupa chombo ambacho wengine wanakikosa, nacho ni tanakali za sauti. Mtu akianguka majini ni *chubwi*. Mchangani ni *tifu*. Matopeni ni *tapwi*. Ardhini pakavu ni *pu*. Anguko ni moja, lakini neno limekwisha kukueleza uzito, uso wa ardhi na unyevu. Fundi wa sauti za filamu anapochagua kitu cha kugonga studio huwa anatafuta tofauti hizo hizo. Kwa hiyo andika kwa tanakali. Kama hakuna inayofaa, itunge, kisha ieleze kwa maneno matano.

Mfaransa Michel Chion, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu sauti na picha, ametenga usikilizaji wa aina tatu. Upo wa kutafuta chanzo: nini kimelia? Upo wa kutafuta maana: kinasema nini? Na upo wa kuisikiliza sauti yenyewe, bila kujali imetoka wapi. Hatua hii ni ya aina ya tatu. Kule kuziba picha, kisha kuziba sauti, kisha kuvirudisha pamoja ni njia anayoifundisha yeye, na ukiitumia umtaje kwenye insha.

Sasa mlete yule mtu ambaye hajaiona filamu. Msikilizishe kipande cha sekunde 20 bila picha, kisha muulize: kuna nani humo, wako wapi, wanafanya nini? Andika majibu yake neno kwa neno. Akisema "mtoto analia" mahali ambapo picha inaonyesha nguruwe, usimsahihishe. Umepata aya nzima ya insha yako: picha ndiyo inayoamua tunamsikia nani.

Hilo litakuzuia pia kuamini kila mlio wa mnyama. Katika filamu nyingi za misitu ya Afrika kumesikika kicheko cha ndege anayeitwa kukabura, ambaye makao yake ni Australia. Tai wa Marekani mwenye kichwa cheupe huwekewa mara nyingi mlio wa mwewe wa aina nyingine, kwa kuwa mlio wake halisi ni mwembamba na hauogopeshi. Fisi naye, ambaye katuni humchekesha bila kupumzika, hutoa ule mlio unaofanana na kicheko hasa anapokuwa amesisimka au amebanwa na wenzake. Mlio wake wa kuitana usiku ni mwingine kabisa, mrefu na wenye kupanda.

Na wapo wanyama ambao hakuna binadamu aliyewahi kuwasikia. Mifupa ya mijusi wakubwa iliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, ilipelekwa Berlin, na mmoja wao amesimamishwa makumbusho kule akiwa na kimo cha takriban mita 13. Sauti yake haikubaki kwenye mfupa. Kila dinosaria anayenguruma kwenye filamu amepewa koo na fundi wa studio. Ukichambua katuni ya dinosaria, swali la kuuliza ni kwa nini fundi huyo alichagua ngurumo ya mnyama mla nyama hata kwa mnyama aliyekula majani.

Umefaulu hatua hii ukiwa na orodha ya sauti 15 hadi 25, nusu yake zikiwa zimeelezwa bila kutaja mnyama.

## Hatua ya 5: Jedwali la mkutano

Fungua Shotcut, buruta faili lako kwenye mstari wa muda. Chini ya picha utaona mchoro wa mawimbi ya sauti. Mshale wa kulia na wa kushoto kwenye kibodi husogeza fremu moja moja, na saa ya programu inaonyesha saa, dakika, sekunde na fremu.

Chora jedwali lenye safu tano: muda, mwili unafanya nini, sauti, chanzo kinaonekana au hakionekani, na pengo. Usijaze kila sekunde. Jaza pale tu ambapo mwili unagusa kitu, unasimama, au unageuka. Mistari 12 hadi 20 inatosha.

Pengo unalipata hivi. Tafuta fremu ambayo mguso unatokea. Kisha tafuta mahali wimbi la sauti linapochomoza. Toa ya kwanza kwenye ya pili. Pengo la 0 au 1 maana yake vimeshonwa pamoja. Namba hasi maana yake sauti imetangulia.

Sikio huvumilia sauti iliyochelewa kuliko iliyowahi. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu limeweka kiwango kuwa mtazamaji huanza kugundua sauti ikiwahi kwa milisekunde 45 hivi, lakini ikichelewa huenda hadi 125. Kwa fremu 24 kwa sekunde, hiyo ni fremu 1 upande mmoja na 3 upande wa pili. Sababu inaonekana ufukweni. Simama Mikindani umtazame fundi anayegonga msumari kwenye jahazi mita 100 kutoka ulipo. Nyundo inatua, kisha *ko!* inakufikia baada ya karibu theluthi moja ya sekunde, ambayo ni fremu 7. Maisha yote tumezoea sauti kuchelewa. Hatujawahi kuisikia ikitangulia, ndiyo maana sauti iliyowahi kwenye filamu hushtua au huonekana kosa.

Kama onyesho lina muziki, pima pia mwendo wake. Hesabu fremu kati ya pigo na pigo. Kwa faili la fremu 24, gawanya 1,440 kwa hesabu hiyo, utapata mapigo kwa dakika: fremu 12 ni mapigo 120, fremu 16 ni mapigo 90. Faili likiwa la 25 tumia 1,500, likiwa la 30 tumia 1,800. Wengi hukosea hapa kwa kutumia 1,440 kwa kila faili.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu hesabu hii inakuonyesha nani anamfuata nani. Katika *Steamboat Willie* mwendo wa michoro ulipangwa kwa kipimo cha mapigo kabla, na wanamuziki wakarekodi baadaye wakilenga picha. Aliyewahi kuona lipiko, yule mchezaji wa kinyago wa Wamakonde, likicheza anaijua nguvu ya mwili unaokata pamoja na ngoma: pigo la mwisho na bega la mwisho vinatua pamoja, uwanja mzima unapiga kelele. Lakini pale uwanjani mpigaji na mchezaji wanatazamana, na yeyote anaweza kumvuta mwenzake. Kwenye katuni mwili ulikwisha kuamuliwa kwenye karatasi. Mnyama aliyechorwa hawezi kuchelewa. Tofauti hiyo ina uzito kwenye insha kuliko sifa kumi za "muziki unaovutia".

## Hatua ya 6: Ni mnyama lini, ni mtu lini

Sasa ondoa neno tashihisi kwenye daftari lako kwa muda. Si neno baya, ila limekuwa kifuniko: likishaandikwa, hakuna anayeuliza zaidi. Tashihisi kwenye katuni hupanda na kushuka ndani ya onyesho moja, wakati mwingine ndani ya sekunde mbili.

Mwanazuoni wa Uingereza, Paul Wells, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu wanyama wa katuni, ameonyesha hali nne ambazo mhusika mnyama huingia na kutoka. Anaweza kuwa mnyama tu, mwenye tabia za aina yake. Anaweza kubeba sifa za mtu tunayetamani kuwa kama yeye. Anaweza kutumika kumkosoa binadamu. Au anaweza kuwa chotara, mtu na mnyama kwa pamoja, huwezi kuwatenganisha.

Chukua kalamu ya rangi ya pili. Pitia jedwali lako na kila mstari uutie namba 1 hadi 4. Kila namba inapobadilika, chora mstari mzito. Mistari hiyo mizito ndiyo uti wa insha.

Tazama mfano mmoja kwa karibu. Ndani ya *Steamboat Willie* kuna paka wawili. Mmoja ni nahodha Pete: amevaa, anasimama kwa miguu miwili, anatafuna tumbaku na kutema. Mwingine hana nguo, hana jina, na Mickey anamvuta mkia ili alie, kisha anamzungusha hewani kwa mkia huo huo. Spishi ni moja, meli ni moja. Kinachowatenga ni nguo, na sauti: mmoja hutoa sauti kwa kutaka kwake, mwingine sauti yake hutolewa na mkono wa mtu mwingine.

Ukilishika hilo, utaona kwamba ng'ombe, bata, mbuzi na watoto wa nguruwe wote wako upande wa paka wa pili. Miili yao imekuwa ala. Mbuzi anayezungushwa mkia hachagui wimbo. Na anayepiga ala hizo ni panya, mnyama mdogo kuliko wote, ambaye dakika chache kabla alikuwa akisukumwa na paka nahodha. Aliyeonewa amepata wa kuwaonea. Hiyo ni hoja ya insha, nayo imetoka kwenye jedwali lako wala si kwenye muhtasari wa kisa.

Onyo la kwanza: usihamishe maana za hurafa zetu bila kuzitangaza. Kwetu sungura ni mjanja, fisi mlafi, na panya ni yule anayetoboa gunia la korosho ghalani. Mchoraji wa Marekani wa mwaka 1928 hakuwa na ghala hilo akilini. Unaweza kulinganisha, na ulinganisho huo ni mali, lakini sema wazi: "kwa msikilizaji wa ngano za kusini, panya anaonekana hivi."

Onyo la pili: usidharau unachokisikia kwa kuwa unajua Kiswahili. Katika *The Lion King* ya mwaka 1994, fisi mmoja anaitwa Shenzi. Kwa mtazamaji wa Chicago hilo ni jina lenye mlio wa mbali. Kwa mtazamaji wa Kilwa au Lindi ni hukumu iliyotolewa kabla fisi hajafungua mdomo, tena kwa neno ambalo watu wa miji ya pwani walilitumia kuwadunisha watu wa bara. Pumbaa naye ni kitenzi kinachotembea. Wachambuzi wengi wameandika juu ya filamu hiyo bila kusikia hayo. Wewe unayasikia bure, yaandike.

## Hatua ya 7: Jaribio la kubadilisha sauti

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayookoa insha dhidi ya mkufunzi mkali.

Nyamazisha sauti ya filamu ndani ya Shotcut. Ongeza mstari wa pili wa sauti na uweke muziki wowote usiohusiana: sindimba uliyorekodi kwa simu, kwa ruhusa ya wenye ngoma, inafaa sana. Tazama onyesho lako.

Utashangaa. Mahali kadhaa ngoma itaonekana kana kwamba ilipigwa kwa ajili ya mwili ule. Chion anaita jambo hili sinkresi: sauti na picha vikitokea pamoja, akili huviunganisha papo hapo, hata kama havijuani.

Hesabu mikutano hiyo ya bahati kwenye mistari yako ile ile ya jedwali, kisha ilinganishe na ya sauti ya asili. Ngoma ikigonga mistari 5 kati ya 16, na sauti ya asili ikigonga 14, una haki ya kusema mpangilio ule ni wa makusudi. Zikikaribiana, punguza madai. Pengine ulichokiita ustadi wa mtengenezaji ni kazi ya akili yako mwenyewe.

## Hatua ya 8: Andika

Andika dai kwanza, sentensi moja isiyozidi maneno 35. Jaribu hili: je, mtu mwenye akili anaweza kulipinga? "Filamu imetumia wanyama na sauti" haipingiki, kwa hiyo si dai. "Katika onyesho hili, mnyama anahesabiwa mtu pale tu anapoimiliki sauti yake" linapingika. Lishike.

Kisa chote kiingie kwenye maneno 80 tu, aya moja, mwanzoni. Baada ya hapo ni marufuku kusimulia.

Kila aya ianze na mstari mmoja wa jedwali: muda, mwili, sauti. Kisha maana yake. Kisha, pale tu panapohitajika, jina la mwanazuoni. Wanafunzi wengi hugeuza mpangilio huu, wanaanza na Chion au Wells halafu wanatafuta mfano wa kubandika. Nadharia iliyotangulia ushahidi huwafanya waone wanachotaka kuona.

Tenga aya moja kwa ukimya. Pale nahodha anapotokea na muziki kukatika, pima muda hadi sauti inayofuata na uandike kinachosikika hapo katikati. Ukimya una urefu, na urefu huo una fremu.

Kabla ya kukabidhi, chukua kalamu nyekundu na upige mstari chini ya kila kitenzi cha kusimulia: *akaenda, akamwambia, akakasirika*. Vikizidi kumi na tano ndani ya kurasa sita, rudi kwenye jedwali, kwa sababu kuna aya imekimbia. Halafu piga mstari chini ya kila namba ya muda. Zisipungue kumi.

Mwisho wa ukurasa wa kwanza andika jina la filamu, mwaka wake, urefu wa nakala uliyoitumia na idadi ya fremu zake kwa sekunde, ili mkufunzi mwenye nakala ya 25 asikukosoe kwa hesabu uliyoipima kwenye nakala ya 24.